Safari za Ndege kati ya Gusii na Marekani

Ikonge ni soko la kaskazini mwa Kaunti ya Nyamira, mahali ambapo ardhi ya Abagusii inakaribiana na ya Wakipsigis na ya Waluo. Vilima vinavyoizunguka vimelimwa hadi juu: majani chai, mahindi, migomba na nepia ya ng'ombe. Mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, udongo ni mwekundu wenye rutuba, na mashamba yamegawanywa baba kwa mwana mpaka pori likakosa mahali pa kubakia. Mnyama mkubwa wa mwituni hana pa kujificha hapa. Waliobaki ni ndege. Kwarara hupiga kelele alfajiri, mbwigu hukaa juu ya waya wa umeme akisubiri panzi, yangeyange huandama ng'ombe malishoni, na kwenye vinamasi vilivyosalia hupatikana korongo taji. Kati ya Oktoba na Machi huja wageni kutoka kaskazini, wengine kutoka mbali kuliko ilivyodhaniwa kwa muda mrefu.

Kabla ya shoka na jembe kumaliza kazi yao, hali ilikuwa nyingine. Masimulizi ya Abagusii, ambayo mwanahistoria William Ochieng' aliyatumia katika kitabu chake cha 1974 juu ya jamii hiyo kabla ya ukoloni, yanaeleza safari ya vizazi vingi kupitia tambarare za Kano, kisha Kabianga, hadi nyanda za juu wanakoishi leo. Huko Kabianga baridi iliharibu mimea na mifugo ikafa, ndipo watu wakasogea tena. Nyanda walizozikuta zilikuwa na misitu minene, chui, tembo na nyati. Kumbukumbu ya wanyama hao imedumu katika koo: Abagetutu wana chui, engo; Abanchari wana kiboko, engubo; Ababasi wana punda milia, enchage. Mnyama wa ukoo hakuuawa ovyo, wala hakuliwa. Huo ulikuwa utaratibu wa kuheshimu viumbe uliotangulia sheria yoyote ya serikali, ingawa haukuwa uhifadhi kwa maana ya leo. Ulimlinda mnyama mmoja dhidi ya ukoo mmoja; jirani wa ukoo mwingine hakuzuiwa na kitu.

Jambo ambalo wenyeji wa Afrika Mashariki walilijua kwa macho, kwamba ndege fulani huja na kuondoka kwa majira, liliwasumbua wasomi wa Ulaya kwa karne nyingi. Baadhi yao waliandika kwamba mbayuwayu hujizika kwenye tope chini ya maziwa wakati wa baridi. Mwaka 1822 korongo mweupe alipigwa risasi karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, akiwa na mkuki wa Kiafrika umemchoma shingoni. Alikuwa ameruka nao kutoka Afrika. Ndege huyo alikaushwa, na bado yuko katika Chuo Kikuu cha Rostock. Inafaa kukumbuka kwamba ushahidi huo wa mapema wa safari za ndege kati ya mabara haukutoka maabara yoyote, bali katika mkono wa mwindaji Mwafrika ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Marekani nayo ilikuwa ikiwajua ndege wake kwa bunduki. John James Audubon, aliyezaliwa Haiti mwaka 1785 na kufika Marekani mwaka 1803, aliwapiga ndege risasi, akawatundika kwa nyaya ili wakae kama walio hai, kisha akawachora kwa ukubwa wao halisi. Kazi yake kuu ilitoka kati ya 1827 na 1838 ikiwa na picha 435. Hakuwa na njia nyingine, kwani darubini za wakati wake hazikutosha, na ndege aliyekufa mkononi ndiye pekee aliyeweza kuchunguzwa unyoya kwa unyoya. Desturi hiyo ndiyo Wamarekani waliyokuja nayo Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa Abagusii, miaka hiyo ni ya vita. Waingereza waliwashambulia Abagetutu mwaka 1905, wakafungua kituo cha utawala Kisii mwaka 1907, na Januari 1908 Otenyo Nyamaterere, akihimizwa na nabii Moraa wa Ngiti, akamchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote. Northcote alipona. Kisasi kilichofuata kiliteketeza nyumba na kuchukua ng'ombe wengi. Hata miezi kumi na minane haikupita kabla ya msafara mkubwa wa Wamarekani kutua Afrika Mashariki, ukitafuta wanyama na ndege.

Theodore Roosevelt aliondoka urais Machi 1909, na tarehe 21 Aprili akashuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu watatu wa taasisi ya Smithsonian ya Washington. Mmoja wao, Edgar Mearns, alikuwa daktari mstaafu wa jeshi na mmoja wa waanzilishi wa chama cha wataalamu wa ndege wa Marekani kilichoundwa mwaka 1883. Ndege walikuwa kazi yake. Msafara ulibeba tani nne za chumvi ya kukaushia ngozi, ukategemea wapagazi wapatao 200, na mwezi Juni ukatoka Kijabe kuelekea Sotik. Jina hilo halipaswi kumpotosha msomaji wa Nyamira anayeijua Sotik kama mji ulio ng'ambo ya Chebilat. Wakati ule wageni waliliandika kwa upana, wakimaanisha pia tambarare za mto Uaso Ng'iro wa Kusini, ambazo leo ziko Narok.

Roosevelt hakuwa mwindaji tu. Tangu utotoni alizijua sauti za ndege, na akiwa rais alitangaza hifadhi 51 za ndege, ya kwanza ikiwa kisiwa cha Pelican huko Florida, tarehe 14 Machi 1903. Mtu huyohuyo, pamoja na mwanawe, aliua wanyama 512 Afrika. Kwake hayo mawili hayakupingana, na kwa watu wa tabaka lake wakati huo hayakupingana kabisa. Msafara ulipofika Khartoum Machi 1910 ulikuwa umekusanya wanyama zaidi ya 11,000 wa kila aina, wakiwemo ndege zaidi ya 4,000.

Kazi ya Mearns ilifanywa jioni, mezani penye taa. Ndege alipasuliwa kwa mkato mmoja kutoka kifuani hadi tumboni, mwili ukatolewa, ngozi ikabaki na fuvu, mabawa na miguu. Ndani ilipakwa unga wa aseniki usioruhusu wadudu, ikajazwa pamba, ikashonwa, na ndege akalazwa chali miguu ikiwa imekunjwa. Mwisho ni kibandiko kilichofungwa mguuni: mahali, tarehe, dume au jike, jina la mkusanyaji. Bila kibandiko ngozi hiyo haina thamani kwa sayansi. Ndege wa namna hiyo hudumu karne na zaidi, na walioletwa na msafara ule bado wanatolewa kwenye droo za Washington na watafiti wa leo. Vibandiko haviwataji vijana waliowaonyesha wageni viota wala wapagazi waliobeba masanduku. Mearns alirudi Afrika Mashariki mwaka 1911 katika msafara wa Childs Frick, na makusanyo yake ya safari hiyo yaliandikwa na Herbert Friedmann katika majuzuu mawili, ya 1930 na 1937. Kenya yenyewe ilikuwa imepata chama chake cha elimu ya viumbe mwaka 1909 na jumba la makumbusho la Nairobi mwaka uliofuata, lakini kwa miongo mingi aliyetaka kuwajua ndege wa nchi hii kwa undani alilazimika kusafiri hadi London au Washington.

Tarehe 1 Septemba 1914 njiwa mmoja jike aliyeitwa Martha alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Alikuwa wa mwisho wa aina yake. Karne moja nyuma njiwa hao walikuwa mabilioni. Makundi yao yalifunika jua kwa saa nyingi, na watu waliwaua kwa bunduki, nyavu na moshi, kisha wakawapakia kwenye treni kwenda sokoni. Siku 11 baada ya kifo cha Martha, Waingereza na Wajerumani walipigana Kisii, na mji ukaachwa wazi kwa uporaji. Habari ya njiwa, kwa vyovyote, haikufika Gusii. Lakini funzo lake lilibadilisha sheria za Marekani: mwaka 1916 ulitiwa saini mkataba na Uingereza kwa niaba ya Canada wa kulinda ndege wahamaji, na mwaka 1918 ukawa sheria. Kabla ya hapo wanawake wa Boston, wakiongozwa na Harriet Hemenway na Minna Hall, walikuwa wameanzisha chama mwaka 1896 kupinga kofia za manyoya, ambazo zilikuwa zikiwamaliza ndege weupe wa vinamasi vya Florida, jamaa wa karibu wa yangeyange.

Jamaa huyo wa Afrika hakungoja kualikwa. Yangeyange, Bubulcus ibis kwa jina la kitaalamu, ni ndege aliyezoea nyati na tembo. Hutembea kando ya miguu yao akidaka panzi wanaorushwa na kwato. Ng'ombe walipochukua nafasi ya nyati, yangeyange hakujali. Mwishoni mwa karne ya 19 baadhi yao walivuka bahari ya Atlantiki, labda wakisukumwa na upepo, na kuonekana pwani ya kaskazini mwa Amerika ya Kusini, huko Guyana na Suriname. Walikuta misitu inafyekwa na ng'ombe wanaongezeka. Mwaka 1941 waliripotiwa Florida, mwaka 1952 mmoja alikamatwa Massachusetts, na mwaka 1953 walithibitishwa kuzaa Florida. Mwanzoni Wamarekani walidhani wametoroka bustani ya wanyama. Leo wamesambaa katika sehemu kubwa ya bara hilo, na hakuna kitabu cha ndege wa Amerika ya Kaskazini kisichowataja. Katika historia nzima ya ndege wa karne iliyopita ni vigumu kupata uhamiaji uliofanikiwa zaidi bila msaada wa makusudi wa binadamu, na yangeyange ambao mwenye ng'ombe wawili Ikonge huwaona kila asubuhi ni wa ukoo uleule.

Katika miongo hiyohiyo Gusii ilikuwa ikibadilika kwa kasi. Katikati ya miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa wilaya chache za Waafrika zilizoruhusiwa kujaribu kulima kahawa. Baadaye zikaja pareto na chai, na kwa vile chai hulipa kila mwezi, ilimeza malisho. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 Nyamira, kaunti yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 900. Mikaratusi ilipandwa mabondeni kwa ajili ya kuni, nguzo na kukaushia chai, nayo hunywa maji mengi. Udongo wa matofali ulichimbwa kwenye vinamasi, Sironga ikiwa mfano unaotajwa mara kwa mara. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi iliyo kandokando ya mito na vinamasi ikatwe, agizo lililotekelezwa kwa kusuasua, maana mti huo ni karo ya mtoto. Lakini si kila ndege aliyepata hasara. Kwarara hujenga kiota kwenye mti mrefu wowote, mkaratusi ukiwemo, na hutafuta minyoo kwenye uwanja wa shule bila hofu.

Aliyeumia ni korongo taji, Balearica regulorum. Huyu hulala mitini lakini huweka kiota majini, katikati ya mafunjo, na kinamasi kikikauka hazai. Mwaka 2012 aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wamarekani wanaujua msiba wa namna hii. Mwaka 1941 korongo wao mkubwa mweupe, anayezaa Canada na kukaa Texas wakati wa baridi, alibaki na ndege zaidi kidogo ya 20 porini. Aliokolewa kwa kulinda mabwawa na kulea vifaranga kwa mkono, na leo wako mamia. Ujuzi huo ulizaa taasisi ya kimataifa ya korongo, iliyoanzishwa mwaka 1973 huko Baraboo, Wisconsin, na wanafunzi wawili, George Archibald na Ron Sauey. Taasisi hiyo sasa inafanya kazi Afrika Mashariki. Kenya ina mfano wake wenyewe: kikundi cha wakulima wa Kipsaina, karibu na kinamasi cha Saiwa katika Trans Nzoia, kimekuwa kikilinda makorongo na maji yao tangu 1990. Faida ya mfano wa Kipsaina kwa Nyamira ni kwamba ulianza na watu wenye mashamba madogo, si na uzio wa hifadhi.

Namna ya kuwajua ndege bila kuwaua ilikomaa polepole. Mwaka 1934 Roger Tory Peterson alichapisha Marekani kitabu kidogo cha mfukoni chenye picha zilizotiwa mishale kwenye alama za kutofautisha, na John Williams akawapa wasomaji wa Afrika Mashariki kitabu chao cha mkononi mwaka 1963. Mwaka 1996 Mmarekani Dale Zimmerman pamoja na Donald Turner na David Pearson walitoa kitabu kikubwa cha ndege wa Kenya na Tanzania ya kaskazini. Upande mwingine wa kazi ni pete. Tangu 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa ndege wahamaji kwenye nyavu nyembamba katika hoteli ya Ngulia, Tsavo Magharibi. Usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, taa za hoteli huwavuta maelfu ya ndege wanaotoka kaskazini. Asubuhi hupimwa, huvishwa pete yenye namba na kuachiliwa. Pete zilizopatikana tena zimeonyesha njia za kwenda Ulaya, Mashariki ya Kati na Asia ya Kati. Marekani haikuwemo.

Hata hivyo kulikuwa na ndege mmoja aliyetiliwa shaka. Oenanthe oenanthe ana ukubwa wa shomoro, na huonekana magharibi mwa Kenya kati ya Oktoba na Machi kwenye malisho mafupi na mashamba yaliyolimwa karibuni. Akiwa huku rangi yake ni ya udongo, kifua kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Hukimbia hatua chache, husimama wima juu ya bonge la udongo, huinamisha kichwa, kisha hukimbia tena. Akiruka ndipo hujitambulisha: kiuno cheupe kabisa, na mkia mweupe uliopigwa alama nyeusi inayofanana na herufi T iliyogeuzwa juu chini. Ndege hao huzaa Ulaya na Asia, na pia Alaska na kaskazini mashariki mwa Canada. Ndege wadogo wahamaji wengi wanaozaa Amerika ya Kaskazini huelekea kusini, hadi Amerika ya Kati na ya Kusini. Je, hawa huenda wapi?

Pete haikuweza kujibu, kwa sababu uwezekano wa ndege wa Alaska kunaswa tena Afrika ni mdogo mno. Jibu lilitoka kwenye kifaa kinachopima mwanga. Hakiwasiliani na setilaiti. Kazi yake ni kuandika saa ya mawio na ya machweo kila siku. Urefu wa mchana unaonyesha ndege yuko umbali gani kutoka ikweta, na saa ya jua la utosi inaonyesha yuko mashariki au magharibi kiasi gani. Kasoro yake ni moja: lazima ndege huyohuyo akamatwe tena mwaka unaofuata ili data isomwe. Franz Bairlein wa Ujerumani na wenzake wa Canada na Marekani waliwafunga vifaa ndege 46 huko Alaska na kwenye kisiwa cha Baffin, Canada. Waliowapata tena na vifaa vyao ni wanne tu.

Wanne hao walitosha. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Ndege watatu wa Alaska walikuwa wamevuka mlango wa bahari wa Bering, wakapita Siberia, Asia ya Kati na jangwa la Arabuni, wakakaa miezi ya baridi katika ukanda unaozihusisha Sudan, Uganda na Kenya. Safari ya kwenda ilikuwa ya karibu kilomita 14,500 na ilichukua takriban miezi mitatu. Kurudi kulichukua chini ya miezi miwili. Ndege wa Baffin alielekea upande mwingine, akavuka Atlantiki na kufika Afrika Magharibi. Kiumbe wa gramu 25 aliyezaliwa Marekani hulivuka bara la Asia kuja kula mbawakawa na mchwa wa Afrika, ilhali jirani zake wengi wanaelekea kusini moja kwa moja. Maelezo yanayokubalika ni ya kihistoria: aina hii ilitoka upande wa Asia na Ulaya, ikapanuka kuingia Alaska, lakini ndege waliendelea kurudi katika makao ya baridi ya mababu zao. Kwa kumtazama shambani hakuna awezaye kusema huyu ni wa Alaska na yule ni wa Urusi.

Watu nao wamesafiri. Abagusii wengi wamehamia Minnesota, hasa vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park na Brooklyn Center. Huko hukuta ndege wengi wageni kwao, na mmoja wanayemjua: mbayuwayu mwenye mkia wa panda na koo jekundu. Ni aina ileile inayoonekana Nyamira, ila si kundi lile. Wa Minnesota hujenga viota vya tope chini ya madaraja na mapaa ya mabanda, kisha huenda Amerika ya Kusini. Wanaoonekana Ikonge wamezaliwa Ulaya na Asia, na hawajengi viota Kenya.

Kumbukumbu za ndege sasa hutunzwa na watazamaji wenyewe kwa simu. Chuo Kikuu cha Cornell, New York, kilishirikiana na shirika lenye jina la Audubon kuanzisha mwaka 2002 programu ya eBird, ambayo baadaye ilifunguliwa kwa dunia nzima. Na Kenya ina ramani yake ya ndege inayogawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kila upande, mtazamaji akiorodhesha aina alizoziona au kuzisikia ndani ya mraba mmoja. Miraba ya Maasai Mara, Nakuru na msitu wa Kakamega ina orodha nyingi. Ya nyanda za Gusii ina chache, kwa kuwa watalii huzipita njiani kwenda kwingine na wakazi hawajazoea kudhani kwamba shamba la chai lina jambo la kuandikwa. Upungufu huo si mgumu kuondolewa. Daftari au simu, darubini ya bei nafuu na asubuhi za Novemba kwenye shamba lililotoka kulimwa zinatosha kuandika ni lini kila mwaka ndege mwenye kiuno cheupe anawasili, na ni lini mwezi Machi anatoweka.